Tulipompeleka Farasi wa Nkambo Studio: tathmini ya fundi wa picha za kale mjini Lubumbashi

Katika sanduku la bati ambalo nkambo wetu alimwachia shangazi, huko Kamalondo, mna picha mbili za farasi. Nkambo ndivyo tunavyomwita babu hapa Lubumbashi. Katika picha ya kwanza, yenye ukubwa wa postikadi, nkambo amevaa tarbushi ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, na ameshika hatamu ya farasi mweusi asiye na tandiko. Katika picha ya pili, iliyo ndogo na yenye kingo zilizokatwa kwa mawimbi, anaonekana tena na farasi, lakini huyu ana rangi ya kijivu cha wastani, na weupe wa mguu wake uko upande mwingine. Kwa miaka mingi baba mdogo amesema kwamba hao ni farasi wawili, naye shangazi ameshikilia kwamba ni mmoja, na kwamba nkambo alimwita Moto kwa sababu ya rangi yake. Baba mdogo alikuwa akimjibu kwamba farasi mweusi haitwi Moto kwa rangi, labda kwa ukali. Mwaka huu nilizipeleka picha hizo kwa fundi wa picha za kale ambaye chumba chake cha kazi kiko mjini kati, mwendo mfupi kutoka Posta, bila kibao mlangoni, na hapa ninaeleza jinsi alivyotuhudumia, kwa kuwa najua familia nyingi za mji huu zina masanduku kama letu.

Kabla ya kumfikia yeye nilikuwa nimepitia duka jingine, ambalo sitalitaja, linalosafisha picha kwa kompyuta. Walinirudishia picha ya postikadi iking'aa, nyuso zikiwa laini kama sahani, na farasi akiwa ametiwa rangi nyeusi tititi. Niliilipia kwa furaha. Ilikuwa siku mbili baadaye, shangazi alipoitazama kwa miwani yake, ndipo aliponiuliza: «Mwanangu, lile baka la usoni mwa farasi wameliweka wapi?» Lilikuwa limefutwa. Programu yao ilidhani ni doa la uchafu, nayo ikalijaza nywele nyeusi za kubuni. Picha ya asili haikuguswa, tunashukuru, lakini tangu siku hiyo nilielewa kwamba kusafisha picha na kuisoma ni kazi mbili tofauti, na kwamba ya kwanza ikitangulia inaweza kuiharibu ya pili.

Fundi wetu, mzee mpole mwenye mikono isiyo na haraka, hakuanza kwa kusafisha. Alivaa glavu za pamba, akazipokea picha kwa kingo zake, akaniomba nisimwambie familia inabishania nini. «Nikijua mnachotaka, macho yangu yatakitafuta,» alisema. Kisha akaziskani zote mbili, mbele na nyuma, kwa nukta 1,200 kwa kila inchi. Kwa postikadi ya sentimita 9 kwa 14, kiasi hicho kinatoa faili la pikseli zipatazo milioni 28, yaani la kutosha kuhesabu vifungo vya koti vya mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwenye kamera. Faili hilo la kwanza alilifunga lisibadilishwe tena, na kazi yote iliyofuata ikafanyika kwenye nakala. Nilipewa faili zote, lile la asili na zile za kazi, kwenye flashi yangu mwenyewe, na jambo hilo peke yake lingetosha kunifanya nimsifu.

Swali lake la kwanza halikuwa juu ya farasi bali juu ya karatasi: je, weupe ulio usoni mwa farasi ni nywele zake, au ni jeraha la picha? Alizima taa ya juu, akawasha taa ndogo pembeni ya meza, akailaza picha hadi mwanga ukapita juu yake karibu sambamba. Hapo mikwaruzo yote ilijitokeza kama mifereji, kwa sababu mkwaruzo hukata utando wa jelatini unaobeba picha. Kwenye kingo ukaonekana pia ule mng'ao wa kibuluu ambao picha za kale, ambazo weusi wake ni chembe za madini ya fedha, hutoa zinapozeeka. Lakini pale usoni mwa farasi utando ulikuwa mzima na laini, bila mfereji na bila alama ya kalamu ya mtu aliyetaka kupamba. Weupe ule ulikuwa ndani ya picha yenyewe. Farasi yule alikuwa na nyota katikati ya paji la uso, na kutoka kwenye nyota ulishuka mstari mwembamba uliopinda kuelekea tundu la pua la kushoto. Nilishusha pumzi, kwa kuwa hicho ndicho kitu ambacho duka la kwanza lilikuwa limekifuta.

Hapo akatoa karatasi ambayo sikuwahi kuiona. Ina michoro mitupu ya farasi: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kichwa kwa mbele, miguu kwa nyuma. Alipewa mfano wake na rafiki yake daktari wa mifugo, kwa maana ndivyo madaktari wa farasi wanavyoandika utambulisho wa mnyama katika pasipoti yake: weupe huchorwa kwa wino mwekundu, na mahali ambapo nywele hujizungusha kama maji yanayoingia kwenye shimo hutiwa alama ya msalaba kwa wino mweusi. Weupe wa namna hiyo farasi huzaliwa nao na hufa nao, ndiyo sababu unaaminiwa kuliko rangi ya mwili. Fundi alijaza karatasi mbili, moja kwa kila picha, na alipokuwa haoni sehemu fulani aliacha wazi. Mizunguko ya nywele hakuichora hata mmoja. Picha hazikuwa kali kiasi hicho, naye hakujifanya kuiona.

Sasa nifike kwenye rangi, ambako naona ndipo kazi yake ilipozidi yote niliyotarajia. Baba mdogo, na mimi pia nikiri, tuliamini kwamba kilicho cheusi katika picha isiyo na rangi kilikuwa cheusi kweli. Fundi alitueleza kwamba sivyo ilivyokuwa zamani. Kwa muda mrefu filamu nyingi, na sahani za kioo za kupigia picha, zilikuwa za aina iitwayo othokromatiki, ambayo huona buluu na kijani lakini haioni wekundu. Kitu chekundu mbele yake hutoka cheusi, kwa sababu mwanga wake hauachi alama yoyote kwenye filamu. Filamu hizo hazikutoweka mara moja zile za pankromatiki, zinazoona rangi zote, zilipopatikana. Verichrome ya Kodak, iliyotiwa katika kamera nyingi za watu wa kawaida, ilianza kuuzwa mwaka 1931 ikiwa othokromatiki, na ni mwaka 1956 tu ndipo ilipopewa ndugu yake wa pankromatiki. Mafundi wadogo walizipenda kwa sababu ya kueleweka kabisa: filamu isiyoona wekundu unaweza kuisafisha, yaani kuitoa picha kwa dawa, chini ya taa nyekundu huku ukiitazama.

Lakini kujua hilo kwa jumla si kulithibitisha katika picha yetu, na hapo ndipo fundi alipotafuta kipimo ndani ya picha yenyewe. Alikipata kichwani mwa nkambo. Tarbushi ya askari wa Force Publique ilikuwa nyekundu, jambo linalojulikana na kila mzee wa mji huu, na ya nkambo bado iko ndani ya lile sanduku, imeliwa na nondo upande mmoja, nyekundu hata leo. Fundi akalinganisha weusi wa tarbushi na weusi wa viatu. Katika picha ya postikadi vilikuwa sawa: tarbushi nyekundu imetoka nyeusi kama kiatu. Katika picha ndogo, viatu ni vyeusi lakini tarbushi ni ya kijivu. Na farasi? Katika kila picha farasi anafuatana na tarbushi. Tarbushi ikiwa nyeusi, yeye ni mweusi. Tarbushi ikiwa ya kijivu, naye ni wa kijivu. Nilipoiona hoja hiyo kwenye kioo cha kompyuta, vipande viwili vya tarbushi na vipande viwili vya ubavu wa farasi vimepangwa pamoja, nilinyamaza kwa muda.

Kwa hiyo farasi alikuwa mwekundu, wa rangi ambayo watu wa farasi huku kwetu huita kwa Kifaransa alezani. Fundi aliongeza kuwa hakuwa bai, kwa kuwa bai naye ni mwekundu au wa hudhurungi, ila nywele zake za shingo, mkia na miguu ya chini ni nyeusi. Katika picha ndogo, ambayo inaona wekundu, nywele za shingo ni nyeupe kidogo kuliko mwili. Niliuliza kama hakuweza kuwa farasi wa kijivu, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba hao huzaliwa wakiwa weusi au wekundu kisha weupe huwaingia mwaka baada ya mwaka, na hilo lingeeleza kwa nini picha moja ni nyeusi na nyingine si nyeusi. Swali hilo alilipokea kwa heshima. Alinionyesha kwamba farasi wa namna hiyo anapokuwa mweupe, nyota yake ya usoni humezwa polepole na weupe wa mwili, ilhali katika picha zetu zote mbili nyota imekatika wazi kwenye ukingo wake.

Kilibaki kikwazo cha baba mdogo, ambacho kilikuwa kikwazo cha kweli. Katika postikadi, mguu mweupe ni wa nyuma wa kushoto, na mstari wa usoni unapinda kushoto. Katika picha ndogo, vyote viwili viko kulia. Kama weupe haubadiliki, basi hawa ni farasi wawili, na mjadala umekwisha. Fundi hakugusa farasi hata kidogo, alimtazama nkambo. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilala juu ya wa kulia, na katika postikadi ndivyo lilivyo. Katika picha ndogo limefungwa kinyume. Kisha akakuza ubao ulioegemea ukuta nyuma yao, ambao sisi tulidhani una michirizi tu, na humo zikatokea herufi mbili, N na S, zote zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Yule aliyechapisha picha ndogo alikuwa ameigeuza negativu, yaani filamu ambayo picha huchapishwa kutoka kwayo, upande wa nyuma ukawa mbele, na familia yetu ikamtazama nkambo wetu kinyume kwa maisha mazima. Fundi aliigeuza nakala kwa kubonyeza mara moja. Mguu mweupe ukahamia kushoto, mstari wa usoni ukapinda kushoto, na zile karatasi mbili za michoro zikalingana alama kwa alama.

Jambo la mwisho alilolitoa sikuliomba. Nyuma kidogo ya mahali ambapo shingo hukutana na mgongo, katika picha ndogo, kuna kibaka cheupe cha ukubwa wa yai ambacho hakimo katika postikadi, ingawa katika postikadi mgongo uko wazi. Tandiko baya likimchubua farasi, nywele zinazoota juu ya kovu mara nyingi huwa nyeupe, na hubaki hivyo. Kwa sababu hiyo postikadi ndiyo iliyotangulia, na picha ndogo ikafuata. Sisi tulikuwa tumezipanga kinyume katika albamu, kwa kuwa ile ndogo ilionekana kuchakaa zaidi.

Sifa zangu hazihusu tu aliyoyasema bali pia aliyokataa kuyasema. Nilikuwa na programu ya simu iliyonieleza bila kusita kwamba huyu ni farasi wa Kiarabu. Fundi alisema kwamba farasi wa Kiarabu hutambuliwa, pamoja na mengine, kwa uso uliobonyea chini ya macho na mkia ubebwao juu, na kwamba katika picha zetu kichwa kimegeuzwa robo na mkia umetulia. Akaandika kwamba kabila la farasi halijulikani. Kimo alikikadiria kwa kumlinganisha na nkambo, akapata kati ya sentimita 143 na 152, akaonya kwamba ardhi imeinama na kwamba aliye karibu zaidi na kamera huonekana mrefu. Mpaka unaotumika katika mashindano ya kimataifa kati ya poni na farasi ni sentimita 148, hivyo kadirio lake linaangukia pande zote mbili za mpaka, naye akaliacha hivyo. Kama ni dume au jike, hakusema, kwa kuwa mguu wa nkambo umeziba.

Mwaka wa postikadi pia hakuutaja. Nyuma yake kuna jina la Gevaert, kiwanda cha Ubelgiji cha karibu na Antwerp kilichounganishwa na Agfa mwaka 1964, na mkono wa mtu umeandika «E'ville», kifupi cha Élisabethville, jina ambalo mji wetu uliliacha mwaka 1966. Mtu mwingine angetupatia tarehe kutokana na hayo. Yeye alisema karatasi hukaa dukani miaka, na wazee waliendelea kuandika E'ville hata baada ya jina kubadilika. Alichokubali kukieleza ni mazingira: kwamba farasi walikuwa wachache katika nchi ambayo mbung'o na maradhi ya farasi huwaua, na kwamba tangu reli ya kutoka kusini ilipofika hapa mwaka 1910 kulikuwa na njia ya kuwaleta. Kwamba Moto alikuja kwa njia hiyo, hakuliandika.

Bei ilikuwa dola 15 kwa kuskani na kuchapisha kila picha, na dola 25 kwa utambuzi wa farasi, jumla dola 55, ambazo nilizilipa kwa faranga kwa kiwango cha siku hiyo. Si kidogo kwa familia ya kawaida. Hata hivyo alitumia saa tatu mbele yangu, bila kuhesabu alizotumia peke yake, na nikilinganisha na nililolipa kwa picha ile iliyofutwa nyota, naona hii ndiyo iliyokuwa rahisi. Ninayo manung'uniko mawili. Aliniahidi siku 10, nikasubiri wiki tatu na nusu. Umeme ulikuwa ukikatika mtaani kwake, naelewa, lakini hakunipigia simu hata mara moja kunijulisha, nami nilikuwa nimemwachia vitu visivyo na nakala. La pili linaniuma zaidi. Maelezo yote alitupa kwa Kiswahili safi, kinachofahamika na kila mtu, kisha ripoti akaiandika kwa Kifaransa, kurasa mbili. Shangazi, ambaye ndiye mwenye picha na ndiye aliyekuwa amesema kweli muda wote huo, hasomi Kifaransa. Namwomba fundi huyu, kwa heshima zote, awaandikie watu wetu katika lugha ambayo wazee wetu wanaweza kuisoma wenyewe.

Nilipomweleza hilo hakukasirika. Alisema nimlete. Jumamosi iliyofuata nilikuja na shangazi pamoja na baba mdogo, na fundi akampa shangazi kiti chake mwenyewe, akamwita Mama, akarudia yote tangu mwanzo, tarbushi kwa tarbushi. Baba mdogo aliuliza maswali makali, jambo lililonipendeza, na alipofika kwenye koti lililofungwa kinyume alishika vifungo vya koti lake mwenyewe, akavitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: «Basi dada alikuwa sahihi.»

Picha mpya zimechapishwa kwenye karatasi nzito isiyong'aa, kila moja ndani ya bahasha yake. Shangazi alimwomba fundi aandike jina la farasi juu ya bahasha. Alikataa kwa upole, akisema kwamba rangi ameiona yeye, lakini jina amelisikia tu, na kwamba aliyelisikia kutoka kinywani mwa nkambo ndiye anayestahili kuliandika. Akampa penseli laini, kwa sababu wino hupenya na kuharibu. Shangazi aliweka bahasha juu ya goti, akaandika polepole kwa herufi kubwa: MOTO, FARASI ALIYETUNZWA NA BABA.